Diwani Aliyeulinda Uwanja Apongezweje?

Diwani akijenga darasa, jiwe la msingi hubaki ukutani na jina lake, tarehe na jina la mgeni rasmi. Akileta kivuko au zahanati, wapiga kura huipita kila siku na kumkumbuka. Lakini diwani aliyekataa uwanja wa mtaa ukatwe viwanja vya nyumba, au uzungushiwe fremu za maduka, hana cha kuonyesha. Kesho yake uwanja uko vilevile: magoli ya mirunda, vumbi, watoto wa chandimu upande mmoja na wazee wa bao chini ya mwembe upande wa pili. Jambo alilolifanya ni kuzuia jambo lisitokee, na jambo ambalo halikutokea halina picha. Ndiyo maana watu wa aina hii hawapongezwi, na ndiyo maana ni wachache.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya viongozi wa klabu za jogging, makocha wa timu za mchangani, kamati za wazazi, vikundi vya akina mama na mtu mwingine yeyote mwenye diwani, mwenyekiti wa mtaa au mwakilishi wadi anayestahili shukrani kwa kulinda au kutunza eneo la wazi. Jambo ninalotaka mlishike ni hili: pongezi iliyopangwa vizuri humheshimu aliyetenda, na papo hapo humfunga mikono atakayekuja baada yake. Pongezi isiyofanya hayo mawili ni sherehe tu, na sherehe huisha jioni.

Najua wapo watakaosema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na wapo watakaosema diwani analipwa posho, hivyo kulinda uwanja ni kazi yake. Hofu hizo zina msingi, lakini tazama historia ya miji yetu. Mwaka 1989, jengo la ghorofa 60 lilipopangwa kusimikwa ndani ya Uhuru Park jijini Nairobi, aliyesimama kulipinga ni Wangari Maathai na wanaharakati wenzake. Bungeni alibezwa. Wafadhili wa nje walipojitoa, mradi ukafa na bustani ikabaki. Mwaka 1991 ikawa zamu ya Jeevanjee Gardens, bustani ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwaachia wakazi wa Nairobi mwanzoni mwa karne iliyopita. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza watu kuzuia isijengwe. Katika visa vyote viwili wananchi ndio waliopaza sauti, huku wengi wa waliokuwa na kura mkononi wakinyamaza au wakizomea. Maeneo mengine hayakupata wa kuyasemea: ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma nchini Kenya, yakiwemo maeneo ya burudani, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Dar es Salaam nako, bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 imemegwa hadi kimebaki kipande karibu na Makumbusho ya Taifa. Kwa hiyo anapopatikana mtu aliyechaguliwa kwa kura, akakaa upande wa uwanja na si wa fremu, kumshukuru si kumbembeleza. Ni kuwaambia wenzake kwamba wananchi wanaona.

Wangari Maathai alifariki dunia mwaka 2011. Barabara iliyokuwa ikiitwa Forest Road jijini Nairobi ilipewa jina lake baadaye. Ni heshima anayoistahili, lakini hakuisikia. Mnaoweza kumshukuru mtu angali hai, msingoje.

Kabla ya kuandika hata mwaliko mmoja, hakikisheni alichokitenda. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu mitaa yetu imezoea kumpongeza diwani kwa jezi na mipira. Kila msimu kuna kombe la diwani: anatoa seti ya jezi, mbuzi kwa mshindi, anapiga mpira wa kwanza na kupigwa picha. Si vibaya, vijana wanahitaji jezi. Lakini jezi huchakaa kwa msimu mmoja, na nimeona mitaa ambako aliyegawa jezi asubuhi ndiye aliyenyamaza jioni wakati kona ya uwanja inapimwa. Msichanganye mambo haya mawili. Pongezi ninayoizungumzia ni ya uamuzi uliofanyika mahali penye mamlaka.

Maamuzi hayo yana makaratasi. Tanzania, Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka na mikutano yake ya kawaida iko wazi kwa wananchi. Chini yake kuna kamati za kudumu, na inayohusika zaidi na viwanja vya wazi mijini ni ile ya mipangomiji na mazingira. Chini zaidi ipo Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu. Nendeni kwa mtendaji, ombeni kuona muhtasari. Tafuteni tarehe ya kikao, ajenda, na alichosema au alichopendekeza. Muulizeni pia afisa mipangomiji kama eneo hilo limo kwenye mchoro ulioidhinishwa na limetengwa kwa matumizi gani. Kenya, kumbukumbu za mijadala ya bunge la kaunti zitakusaidia kwa namna hiyo hiyo. Mkikuta kwamba sifa mliyoisikia haina alama yoyote kwenye kumbukumbu, ulizeni zaidi. Huenda alifanya kazi ya maana nje ya kikao, kwa kumwita mpimaji, kusimama mbele ya tingatinga, au kuwapeleka wazee kwa mkuu wa wilaya. Huenda pia ilikuwa ni maneno ya kijiweni.

Yapo mambo ya aina mbili ya kumshukuria. La kwanza ni kukataa, nalo nimelieleza. La pili ni kutunza, na hili husahaulika zaidi. Bustani ya Forodhani mjini Unguja ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya Aga Khan Trust for Culture kuikarabati, na kila jioni watu hufurika kula mishikaki na kunywa juisi ya miwa. Raha ile yote inategemea mtu wa kuzoa taka usiku, maji yanayotoka bombani, taa zinazowaka na choo kinachofunguka. Mambo kama hayo hayakatiwi utepe. Huingia kwenye bajeti kama mstari mmoja mdogo, na mstari huo ndio wa kwanza kufutwa fedha zikipungua. Diwani anayepigania mstari huo mwaka hadi mwaka, akauliza kwa nini taa ya kona ya choo haijawaka tangu Pasaka, anastahili shukrani kuliko anayefungua bustani mpya na kuisahau. Vivyo hivyo kwa aliyehakikisha wasichana wana saa zao za netiboli bila kufukuzwa na timu ya kaka zao, au kuna njia ambayo kiti cha magurudumu kinaweza kupita. Mara nyingi kazi ya namna hii hufanywa na diwani wa viti maalumu, ambaye hana kata ya kumpigia makofi. Mtafuteni.

Sasa wakati. Msifanye pongezi msimu wa kampeni wala miezi ya kuelekea kura za maoni ndani ya vyama. Hata nia yenu ikiwa safi, itageuzwa bango. Mpinzani wake ataona uwanja umekuwa mali ya upande mmoja, na akishinda atakuwa na sababu ya kuuchukia. Wakati mzuri ni mwezi mmoja au miwili baada ya uamuzi, muhtasari ukishathibitishwa. Lakini wakati ninaoupenda mimi ni mwishoni mwa kipindi cha miaka 5, uchaguzi ukishapita, hasa kama aliyelinda uwanja ameshindwa. Wengi hushindwa kwa sababu hiyo hiyo: aliyezuiwa kujenga fremu ana fedha, na fedha zake huhamia kwa mgombea mwingine. Mkienda nyumbani kwa diwani aliyeangushwa, mkamwambia mbele ya familia yake kwamba watoto wenu wanacheza kwa sababu yake, mtakuwa mmemlipa kitu ambacho posho haikumlipa. Na aliyepo madarakani atasikia habari hizo kabla ya giza kuingia.

Zawadi iwe nini? Kwanza, isiwe fedha. Isiwe ng'ombe, simu, wala kitu chochote ambacho mtu anaweza kukiuza. Tanzania, madiwani wamo ndani ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humshika mtoaji sawa na mpokeaji. Kenya, Ibara ya 76 ya Katiba inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika hafla ya umma au ya kikazi ni zawadi ya Jamhuri na ikabidhiwe serikalini, isipokuwa pale sheria iliyotungwa na Bunge inaporuhusu vinginevyo. Mwakilishi wadi ni mmoja wa maafisa hao. Basi msimtie mtu wenu matatani kwa ukarimu. Kumvisha mgolole au kumfunga kitenge ni desturi inayoeleweka. Cheti kwenye fremu kinatosha. Picha ya timu zote zinazotumia uwanja, zimesimama pamoja, wachezaji wakiwa wameweka sahihi zao nyuma ya picha, ni zawadi ambayo ataitundika sebuleni hadi uzeeni.

Pili, na hili ndilo kubwa, itoeni pongezi kwa maandishi yanayoingia kwenye faili la serikali. Barua ya shukrani ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa meya au mwenyekiti wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kwa afisa mipangomiji na kwa afisa michezo. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, nanyi mbaki na yenu. Maneno yake yawe ya kazi:

"Sisi wakazi wa Mtaa wa …, Kata ya …, tunamshukuru Mheshimiwa … kwa msimamo wake katika kikao cha Kamati ya Mipangomiji cha tarehe …, ambapo alipinga ombi la kubadilisha matumizi ya Kiwanja Na. …, Kitalu …, kilichotengwa kwa ajili ya michezo katika mchoro wa mipangomiji Na. …. Uwanja huu una ukubwa wa mita za mraba …. Hutumiwa na timu … za mpira wa miguu na … za netiboli, wanafunzi wa shule ya msingi …, klabu ya jogging ya …, na wazee wetu. Tunaomba uamuzi huo uheshimiwe na vikao vijavyo."

Angalieni barua hiyo inavyofanya kazi. Kwa nje ni shukrani, na ni shukrani ya kweli. Ndani yake imo namba ya kiwanja, namba ya mchoro, ukubwa, na orodha ya watumiaji. Miaka 8 baadaye, mtu akija na karatasi akidai eneo lilikuwa pori lisilo na mwenyewe, faili la halmashauri lina barua yenye muhuri inayosema vingine. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inatambua maeneo ya wazi, lakini sheria hudaiwa na mwenye ushahidi. Wakazi wengi hupoteza viwanja vyao kwa kukosa karatasi, huku haki wanayo.

Vivyo hivyo kwa kibao. Mkijaliwa kupata ruhusa ya halmashauri kusimika kibao cha zege au cha chuma uwanjani, msikijaze sifa. Jina la diwani liwe mstari mmoja, na kitendo chake mstari mmoja. Nafasi iliyobaki iandikwe: uwanja wa umma, namba ya kiwanja, ukubwa, mwaka wa mchoro, na mchoro mdogo wa umbo la eneo wenye namba za bikoni zake, yaani alama za mipaka. Siku hiyo hiyo tembeeni na mpimaji wa halmashauri kuzitafuta bikoni. Utashangaa ni ngapi zimefukiwa na takataka au zimeng'olewa. Moja mnaweza kuikuta chini ya meza ya fundi pikipiki, nyingine imegeuzwa kigoda cha muuza kahawa. Zikipatikana, zipakwe chokaa. Watoto waoneshwe, kwa sababu wao ndio watakaokuwa wa kwanza kujua ikihama.

Kuhusu kuupa uwanja wenyewe jina la diwani, mimi nawashauri msifanye hivyo angali madarakani. Jina la mwanasiasa aliyepo huugawa uwanja kabla mpira haujapigwa. Majina mengi yanayodumu hutoka midomoni mwa watu, kama Mwembe Yanga kule Temeke, na hayana chama. Ikiwa wazee wanashikilia lazima jina lake lionekane, ipeni jina lake mechi ya kila mwaka, au mti. Mti una faida ya pekee: mkungu au mwarobaini uliopandwa kwenye kona ya kiwanja ni vigumu kuusogeza usiku. Lakini mchagueni kabisa mtu wa kuumwagilia, mwenye jina, anayeishi karibu. Mti wa kumbukumbu uliokauka ni aibu kwa aliyeheshimiwa na kwa waliomheshimu.

Hafla yenyewe iwe fupi. Andikeni mapema kwa mtendaji wa kata na kituo cha polisi, na wafahamisheni viongozi wa mtaa wa vyama vyote. Ifanyieni uwanjani na si ukumbini, saa 10 alasiri jua likianza kulegea. Anzeni na mchezo. Netiboli kipindi kimoja, kisha watu wakishajaa na kuchangamka, zungumzeni kwa dakika 15, kisha mpira wa miguu uendelee. Hafla nyingi huharibiwa na utambulisho: mshereheshaji huwataja wageni mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anasimama na kupunga mkono, huku watoto waliovaa jezi tangu saa 8 wakichomwa na jua mbele ya turubai lenye viti vya wakubwa. Ambieni mshereheshaji aseme itifaki imezingatiwa na aishie hapo. Chini ya turubai wakae watoto na wazee.

Wanaozungumza wawe watumiaji wa uwanja, watatu tu. Msichana wa netiboli aeleze wanacheza siku gani na wangekuwa wapi kama uwanja usingekuwepo. Mzee aliyekuwepo uwanja ulipopimwa aeleze ulivyopatikana. Huu ni ushahidi, urekodini kwa simu. Wa tatu asome barua ile neno kwa neno, pamoja na namba zake zote, hata kama watu watachoka kidogo. Kisha diwani ajibu. Mwombeni kwa unyenyekevu, siku chache kabla, kwamba asiahidi kitu. Hadhara humvuta mwanasiasa kuahidi nyasi bandia na jukwaa la watu 2,000, kisha shukrani yenu inageuka deni linalowachosha wote. Mwombeni badala yake aeleze siku ile ya kikao ilikuwaje, nani walimuunga mkono, na hoja ipi ilishinda. Wananchi wengi hawajawahi kusikia uamuzi unavyofanyika ndani ya kamati, nao wakiusikia kwa mdomo wa aliyekuwemo, watajua mara nyingine waende mlango upi.

Na wasiachwe wengine. Ni nadra diwani kushinda peke yake. Yupo afisa mipangomiji aliyetoa mchoro halisi badala ya kusema umepotea, mwenyekiti wa mtaa aliyeitisha mkutano usiku, mama aliyekusanya sahihi nyumba kwa nyumba. Watajwe kwa majina kwenye barua hiyo hiyo. Mkimtaja mwanasiasa peke yake, mnawafundisha wenye moyo kwamba kazi yao haina macho ya kuiona.

Jambo jingine ambalo watu huniuliza: je, tukishampongeza tutaweza kumkosoa? Mnaweza na mnapaswa, lakini kwa kitu kingine. Ndiyo maana nasisitiza kutaja kitendo. Mkisema ni diwani bora kuliko wote waliowahi kutokea, mmejifunga midomo kuhusu mitaro, soko na zahanati. Mkisema tarehe fulani alisimamia uwanja fulani, maneno hayo yatabaki kweli hata akiwaudhi mwezi ujao kwa jambo la mitaro, nanyi mtakwenda ofisini kwake kulisema bila kuona haya.

Gharama zisiwaogopeshe. Barua, nakala, cheti, kibao kimoja, maji ya kunywa na filimbi ya mwamuzi vinaweza kuchangwa na wakazi wenyewe kidogo kidogo. Msichukue mchango mkubwa kutoka kwa mtu mmoja, na hasa msichukue kwa mwenye kiwanja kinachopakana na uwanja. Hesabu ya michango na matumizi ibandikwe ofisi ya mtaa wiki inayofuata.

Baada ya hapo kuna kazi ya kuhifadhi. Wekeni nakala za barua yenye muhuri, mchoro, picha na maelezo ya yule mzee mahali patatu: ofisi ya serikali ya mtaa, shule iliyo karibu, na nyumbani kwa katibu wa klabu mnayemwamini. Kila mwaka, mwezi huo huo, chezeni mechi na mkague bikoni kabla ya filimbi ya kwanza. Na uchaguzi ukileta diwani mpya, msingoje ajikwae. Mwezi wake wa kwanza ofisini, nendeni watu watano, mmoja awe mtoto wa timu, mkampe pongezi za ushindi na nakala ya barua mliyompa mwenzake. Mwalikeni kwenye mechi ya mwaka huo, na mkifika uwanjani mtembezeni kuzunguka bikoni zote kabla hamjamkaribisha kukaa.